Jicho hutangulia hesabu: kinachotokea kichwani mwa mchezaji wa sataranji

Anayeketi kwa mara ya kwanza mbele ya mchezaji hodari wa sataranji huwa na swali moja: huyu anaona hatua ngapi mbele? Swali hilo limebeba dhana. Linachukulia kwamba hodari ni yule anayepiga hesabu ndefu kuliko wenzake, na kwamba sisi wengine tunafungwa kwa sababu vichwa vyetu vinahesabu polepole. Wanasaikolojia wameichunguza dhana hiyo tangu Alfred Binet wa Paris alipochapisha utafiti wake mwaka 1894, na majibu waliyoyapata yanakwenda upande mwingine kabisa. Jambo hili linamhusu kila anayetaka kupanda kiwango, kwa sababu ukikosea kutambua nguvu ya mchezaji inatoka wapi, utatumia miaka kufanya mazoezi ya kitu kisicho chenyewe.

Aliyelichimba swali hilo kwa kina kuliko wote alikuwa Adriaan de Groot, Mholanzi aliyekuwa mwanasaikolojia na pia mchezaji wa timu ya taifa lake katika Olimpiadi za sataranji za 1937 na 1939. Kwa kuwa alikuwa mmoja wao, vigogo wa zama zile walikubali kuketi naye: Alexander Alekhine, Max Euwe, Paul Keres, Reuben Fine, Salo Flohr. Aliwawekea ubao wenye mchezo uliofika katikati, akawaomba watafute hatua bora huku wakisema kwa sauti kila kinachowapitia kichwani, naye akayanakili maneno yao. Kisha akafanya vivyo hivyo na wachezaji wazuri wa klabu. Matokeo yalitoka mwaka 1946, na yalipochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1965 yakasambaa duniani kote.

Tofauti aliyotarajiwa kuikuta hakuikuta. Vigogo hawakwenda mbali sana kuliko watu wa klabu, wala hawakupitia hatua nyingi zaidi. Wote walikagua uwezekano wa makumi tu, si maelfu. Tofauti ilikuwa mwanzoni kabisa. Baada ya muda mfupi tu kigogo alikuwa tayari anazungumzia kiini cha mambo: askari yupi ni dhaifu, farasi yupi hana kazi, hatari inatokea upande gani. Hatua bora ilikuwa miongoni mwa zile chache alizoanza nazo. Mchezaji wa klabu alihesabu kwa bidii ileile, lakini mara nyingi alikuwa anahesabu hatua zisizostahili kuhesabiwa, na hatua bora yenyewe huenda isimpitie kichwani kamwe.

De Groot akaongeza jaribio lingine. Aliwaonyesha ubao kwa sekunde chache, akaufunika, akawaambia wapange kete kama walivyoziona. Mabingwa walizirudisha karibu zote. Wachezaji wa kawaida waliambulia nusu hivi. Hapo mtu angesema basi siri ni kumbukumbu ya ajabu waliyozaliwa nayo. Wengi wanaamini hivyo hadi leo.

Jibu la imani hiyo lilitoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 1973. William Chase na Herbert Simon (huyu ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, naye alikuwa mchezaji mzuri wa sataranji) walirudia jaribio hilo, ila wakaongeza jambo moja dogo lenye akili sana: baadhi ya mbao walipanga kete ovyoovyo, bila mchezo wowote wa kweli nyuma yake. Kwenye ubao uliotoka katika mchezo halisi, bingwa alikumbuka kete nyingi kuliko wote baada ya sekunde tano, mchezaji wa kati akafuata, na anayeanza akashika nne tu hivi. Kwenye ubao uliochanganywa ovyo, wote watatu wakawa sawa. Bingwa akaporomoka hadi kwa anayeanza. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Fernand Gobet na Simon mwenyewe mwaka 1996, zilionyesha kwamba mabingwa hubaki na nafasi ndogo ya juu hata katika ubao wa ovyo, labda kwa kuwa hata humo hutokea vipande vidogo wanavyovifahamu. Lakini picha kubwa haikubadilika. Kumbukumbu ya bingwa si pana kuliko yako. Imejaa sataranji.

Ni kama kusoma. Anayejua Kiswahili akionyeshwa neno "wanakijiji" kwa kufumba na kufumbua atalikumbuka lote, herufi zake kumi, kwa sababu kwake ni kitu kimoja. Zipange herufi hizohizo "jikawjnaii", na huyo msomaji hodari atashika tatu au nne. Chase na Simon walisema bingwa anausoma ubao kwa namna hiyo, kwa mafungu. Mfalme aliyejificha pembeni, ngome kando yake, askari watatu mbele yake na farasi akilinda karibu: anayeanza anaona kete sita, bingwa anaona kitu kimoja chenye maana, tena chenye maswali na majibu yake tayari. Waliyapima mafungu hayo kwa njia rahisi. Walimpa mchezaji ubao wenye kete na ubao mtupu, wakamwambia anakili, kisha wakahesabu muda kati ya kete moja na nyingine. Kete za fungu moja huwekwa kwa mfululizo, halafu kunakuja kituo kifupi, kisha fungu jingine. Walikadiria kwamba bingwa amehifadhi mafungu yapatayo 50,000, idadi inayolingana na msamiati wa msomaji mzuri.

Ukishalielewa hili, mambo mengi yaliyoonekana ya kimiujiza yanakaa mahali pake. Chukua kucheza bila kuona ubao. Miguel Najdorf alicheza na watu 45 kwa wakati mmoja huko São Paulo mwaka 1947 bila kutazama ubao hata mmoja, na Timur Gareyev akacheza na 48 huko Las Vegas mwaka 2016. Binet alipowahoji wachezaji wa namna hiyo zaidi ya karne moja iliyopita, alidhani watamwambia wanaona picha kamili kichwani, rangi na mbao zake. Wengi walimwambia sivyo. Walichokishika ni uhusiano: nani anamtisha nani, nani anamlinda nani, mchezo umefikaje hapo. Sura ya farasi wa mti haina kazi. Kazi yake ndiyo inayokumbukwa.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wa jirani zaidi. Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akawasilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu umahiri wao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtaji mmoja mrefu unaweza kuugeuza ubao sura: kete zinasambaa, zinakula, zinaanza tena kusambaa, hadi zinapolala. Katika sataranji hatua moja kwa kawaida huhamisha kete moja na pengine kuondoa nyingine. Kwa hiyo mzigo wa kuubeba ubao kichwani baada ya kila hatua ni mzito zaidi kwenye bao, na wazee wa barazani wameubeba kwa vizazi bila yeyote kuwaita wanahisabati. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani fikra za namna hii ni za kigeni kwetu, zinazotakiwa kuagizwa pamoja na ubao wa miraba. Zimekuwapo.

Na tazama upande wa mashine. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini New York, ilikuwa inakagua nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Kasparov hakukaribia hata chembe ya hesabu hiyo, na bado mechi ya michezo sita iliisha kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Binadamu aliyeweza kukagua nafasi chache kiasi hicho na bado akasimama imara dhidi ya milioni 200 alikuwa na kitu kinachomwondolea kazi ya kukagua takataka. Kitu hicho ni jicho lililofundishwa.

Jicho hilohilo linapopofusha

Hapa ndipo makala nyingi za kuhamasisha huishia: jaza mafungu, utaona. Lakini yapo mengine, na kwangu haya ndiyo mazito zaidi, kwa sababu maarifa yanayotufungulia macho ndiyo pia yanayotufumba.

Mwaka 2008 Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet walichapisha jaribio lililofanyiwa wachezaji hodari. Waliwapa nafasi yenye njia mbili za kushinda. Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila aliyecheza kwa muda: malkia anajitoa mhanga, mfalme anabanwa na kete zake mwenyewe, kisha farasi anammaliza. Inapendeza, na ina hatua tano. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, hatua tatu, lakini haina umaarufu huo. Wachezaji waliombwa watafute njia fupi kuliko zote. Wengi waliiona ile maarufu mara moja, wakaendelea kutafuta, kisha wakasema hakuna fupi zaidi. Wengine kama wao walipopewa ubao uleule uliobadilishwa kidogo ili ile njia maarufu isifanye kazi, waliiona ile fupi.

Kamera zilizofuatilia macho yao zilifichua jambo la kutafakarisha. Wachezaji walisema, kwa ukweli wa mioyo yao, kwamba wanatafuta njia nyingine. Macho yao hata hivyo yaliendelea kurudi kwenye miraba ileile ya njia ya kwanza. Walidhani wanatafuta, kumbe wazo la kwanza lilikuwa limeshawashika shingo na kuwaelekeza pa kutazama. Waliofika juu kabisa, grandimasta (wenye cheo cha juu kabisa katika sataranji) walio na nguvu zaidi, walinusurika na mtego huu. Waliokuwa chini yao walishuka hadi kiwango cha wachezaji ambao kwa kawaida wangewashinda bila shida.

Halafu kuna siku ya Novemba 27, 2006, mjini Bonn, Ujerumani. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, alikuwa kwenye mchezo wa pili kati ya sita dhidi ya programu ya Deep Fritz. Alikuwa na kete nyeusi na hakuwa na shida yoyote. Kwenye hatua ya 34 alisogeza malkia wake akitaka wabadilishane malkia. Programu ikapeleka malkia wake mbele ya mfalme wa Kramnik na mfalme akanaswa papo hapo. Ulikuwa mtego wa hatua moja, ambao mtoto aliyejifunza sheria mwezi uliopita angeweza kuuona.

Wapo waliosema alichoka, wapo waliosema ni woga wa kompyuta. Mimi naona maelezo yenye maana zaidi yako kwenye ubao wenyewe. Malkia mweupe alitua kwenye mraba ulio mbele ya mfalme, na aliyemlinda hapo alikuwa farasi aliyesimama kwenye mstari wa mwisho kabisa, nyumbani kwa mweusi, alikokuwa ametoka kula kete. Katika maelfu ya michezo ambayo Kramnik aliicheza na kuisoma, malkia anayepiga pale huungwa mkono na farasi anayetokea mbele au askofu wa kwenye mshazari. Farasi anayetokea nyuma ni kitu adimu mno. Fungu hilo halikuwamo ghalani. Jicho lake likapita juu ya hatari kwa sababu hatari haikuwa na sura iliyozoeleka.

Kwa hiyo jicho linapendekeza, na linapendekeza vizuri kadiri lilivyolishwa, lakini pendekezo lake linahitaji kuhojiwa. Michelle Cowley na Ruth Byrne wa Dublin walichunguza uhojaji huo mwaka 2004. Walitaka kujua mchezaji akishapenda hatua fulani, anaipimaje. Mabingwa walielekea kutafuta jibu la mpinzani litakaloiharibu hatua yao. Wachezaji wa chini walielekea kumwazia mpinzani majibu yanayowafaa wao. Wanapiga hesabu, tena ndefu, lakini ndani ya hesabu hiyo mpinzani ni mtu mwema anayecheza kama anavyotakiwa. Kama kuna kasoro moja ya kufikiri ningeitaja kwa mchezaji wa mtaani anayetaka kupanda, ni hii. Yeye hudhani ameshindwa kwa kuona hatua tatu tu mbele. Ukweli ni kwamba ameziona hatua hizo tatu katika mchezo ambao mwenzake hachezi.

Hili linatatua pia ubishi wa zamani kati ya wanaosema sataranji ni hisia na wanaosema ni hesabu. Kasparov alipocheza na timu nzima za taifa kwa wakati mmoja, akiwa na muda mchache sana kwa kila ubao, Gobet na Simon walikokotoa kwamba kiwango chake kilishuka kidogo tu. Wakaona huo ni ushahidi kwamba kutambua ndiko kunakobeba mzigo mkubwa. Mwaka 2012 Jerad Moxley na wenzake wakaonyesha upande wa pili: wakawaacha wachezaji wataje hatua ya kwanza inayowajia, kisha wakawapa muda wa kufikiri. Wenye nguvu walianza na hatua bora kuliko wanyonge, lakini pande zote mbili zilifaidika na muda wa ziada, hata hao hodari. Tafiti hizi hazigombani. Kutambua hukupa wazo, na muda hukupa nafasi ya kulikana.

Kuhusu namna ya kuutumia muda huo, grandimasta wa Kisovieti Alexander Kotov alitoa ushauri uliokuja kuwa kama sheria: orodhesha hatua zinazofaa, kisha pitia kila tawi mara moja, usirudi nyuma. Ni ushauri wa nidhamu na umewasaidia wengi wasitangetange. Ila sivyo wakubwa wanavyofikiri wakiachwa wenyewe. De Groot aliwaona wakirudi kwenye hatua ileile mara mbili, tatu, nne, kila safari wakiingia ndani zaidi. Mtu anapitia hatua ya kwanza, anaiacha, anaangalia ya pili, na huko anagundua kwamba askofu wa mpinzani hana pa kwenda. Ugunduzi huo unabadilisha thamani ya hatua ya kwanza, kwa hiyo anairudia akiwa na macho mapya. Kurudi kwa namna hiyo ni kazi. Kurudi kwa wasiwasi, ukizunguka matawi yaleyale bila kupata jipya hadi saa inakubana, ndiko Kotov alikokuwa anakupiga vita, na hapo alikuwa sahihi: alieleza vizuri jinsi mtu anavyofikiri nusu saa juu ya hatua mbili, kisha kwa haraka akacheza ya tatu ambayo hakuihesabu hata kidogo.

Akili, saa na kipaji

Je, ni lazima mtu awe na akili nyingi za kuzaliwa? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Alexander Burgoyne na wenzake mwaka 2016 ulikuta uhusiano upo, lakini wa wastani, na unaonekana zaidi kwa watoto na wachezaji wa viwango vya chini. Utafiti mmoja wa Bilalić na wenzake kwa watoto uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba mazoezi ndiyo yaliyoamua zaidi, na kwamba katika kundi dogo la watoto waliokuwa juu kabisa, wale wenye alama kubwa za akili walikuwa wanafanya mazoezi kidogo kuliko wenzao.

Saa za mazoezi nazo zimepotoshwa sana. Ile habari ya kwamba saa 10,000 humfanya mtu yeyote kuwa bingwa haina msingi kwenye sataranji. Gobet na Guillermo Campitelli waliwahoji wachezaji wa Argentina, wakachapisha mwaka 2007: wapo waliofikia kiwango cha bingwa kwa saa 3,000 hivi, wapo waliohitaji zaidi ya 23,000, na wapo waliopitisha 25,000 wasifike. Tofauti ya mara saba au nane si ndogo. Anayesema kipaji hakipo anapuuza takwimu hizo, na anayesema kipaji ndicho kila kitu anapuuza kwamba hakuna aliyefika bila maelfu ya saa.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa dada watatu wa Hungaria. László Polgár aliazimia kuwalea mabinti zake wawe mahiri tangu utotoni, akachagua sataranji. Susan na Judit wakawa grandimasta. Judit alipata cheo hicho mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 15, mdogo kuliko yeyote kabla yake, akivunja rekodi ya Bobby Fischer. Sofia akawa bingwa wa kimataifa, cheo cha chini kidogo ya hicho. Baba mmoja, nyumba moja, mafunzo yanayofanana, vilele vitatu tofauti. Mafunzo yaliwapeleka wote mahali ambapo watu wachache sana hufika, na hayakuwafikisha mahali pamoja.

Kilichonishawishi zaidi ni swali la aina ya saa. Neil Charness na wenzake, mwaka 2005, walitenganisha shughuli mbalimbali za wachezaji: mashindano, kufundishwa, kucheza kwa burudani, kusoma peke yako kwa makini. Kilichotabiri kiwango kuliko vyote ni hicho cha mwisho. Grandimasta walikuwa wametumia takriban saa 5,000 za kusoma peke yao katika mwaka wa kwanza hadi wa kumi wa kucheza kwa dhati, karibu mara tano ya wachezaji wa kati. Idadi ya michezo waliyocheza haikuwa na nguvu hiyo ya kutabiri.

Sababu yake inaeleweka ukikumbuka mafungu. Ndani ya mchezo, hali yenye fundisho hupita mara moja, unakosea, na mara nyingi hujui umekosea kwa sababu mpinzani naye hakuona. Hakuna mrejesho. Michezo ya dakika tatu kwenye simu, ambayo vijana wetu wanaicheza hadi usiku wa manane, inayafanyia kazi mafungu uliyonayo tayari lakini inaongeza mapya kwa shida, na inayakaza makosa pamoja na mazuri. Sisemi isichezwe. Nasema isihesabiwe kuwa ni kusoma.

Kusoma kwenyewe kunafanana na jaribio la de Groot. Chukua mchezo wa bingwa, funika hatua zinazofuata, amua ungecheza nini na kwa nini, kisha funua. Pale mlipotofautiana pana kitu ambacho yeye anakiona na wewe bado. Mafumbo ya kumnasa mfalme au kushinda kete yanasaidia vilevile, hasa yakirudiwa baada ya siku kadhaa hadi uyatambue bila kuhesabu. Yana upungufu mmoja: fumbo limeshakuambia kwamba kuna kitu. Mchezoni hakuna anayekugusa bega. Ndiyo maana napendelea kuchanganya ndani yake nafasi za kawaida zisizo na ushindi wowote, ambako kazi ni kusema tu "hapa hakuna kitu" na kuchagua hatua ya busara.

Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa vipindi vitatu kati ya 1948 na 1963, alisisitiza kuchambua michezo yako mwenyewe na kuchapisha uchambuzi huo ili wengine waukosoe. Leo mkosoaji yumo kwenye simu, na hapo pana hatari. Programu inakuonyesha hatua sahihi ndani ya sekunde, unatikisa kichwa, unasema "aa, kumbe", unafunga. Jibu limeingia lakini swali halikuwapo. Kabla ya kuiwasha, andika ulichofikiri katika hatua tatu au nne ngumu: ulitazama hatua gani, ulidhani mwenzako angejibu nini, uliogopa nini. Ukishawasha utaona makosa yako ni ya aina gani. Kama hatua bora haikukupitia kichwani kamwe, huna fungu hilo, lifanyie mazoezi. Kama ulikuwa nayo ukaitupa, au ulihesabu ukamsahau mpinzani, tatizo lako si maarifa bali ni ukaguzi, na mafumbo elfu moja zaidi hayataligusa.

Kwa tatizo hilo la ukaguzi kuna dawa ya zamani ya Benjamin Blumenfeld, mchezaji mahiri wa Urusi wa karne iliyopita. Ukishaamua hatua yako, alisema, iandike kwenye karatasi kabla ya kuicheza, kisha utazame ubao kama mtu aliyefika sasa hivi na asiyejua lolote: mfalme wangu ananaswa? malkia wangu analiwa? Kule kuandika kunakata uzi wa mawazo uliokuwa umekushika. Mwaka 2005 Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lilipiga marufuku kuandika hatua kabla ya kuicheza, kwa kuwa kumbukumbu za mchezo hazipaswi kuwa msaada wa kufikiri. Wachezaji wamebaki na njia nyingine za kufikia jambo hilohilo: kukalia mikono, kuinua macho dirishani kisha kuyarudisha ubaoni, au kujiuliza kwa moyo, neno kwa neno, "akicheza yeye sasa, hatua yake mbaya kuliko zote kwangu ni ipi?"